Kilima cha mjomba: tulivyohesabu jiwe lililokwisha kuondoka

Daftari lilikuwa la kaunta, jalada jeusi, mgongo mwekundu, kona zake zimeliwa na jasho na vumbi. Mjomba alilitandaza juu ya mkeka chini ya mkwaju, akaliwekea jiwe lisipeperushwe na upepo, akasema, "Mwanangu, hesabu ndiyo hiyo. Sijaficha hata tripu moja." Wanawe watatu walikaa upande wa pili wa mkeka. Hakuna aliyemwita baba yake mwizi. Lakini mdogo wao alikuwa ameuliza swali lililomuuma mzee kuliko tusi: kama kilima kimeingiza fedha zote hizi kwa miaka sita, mbona kilima kinaisha na sisi bado tuko palepale?

Niliitwa kwa sababu nafundisha uhasibu hapa Dodoma mjini, na kwa sababu mimi ni mpwa, sina fungu katika urithi ule. Ilikuwa Jumapili ya Januari 2025. Kisa hiki nakiandika kwa ridhaa yao. Majina na kijiji, kilichoko wilaya ya Chamwino, nimeviacha. Nakiandika kwa sababu swali la yule kijana ndilo swali ambalo kila nchi inayochimba madini inapaswa kujiuliza kila mwaka, na kwa sababu kilima kina faida moja ambayo mgodi wa dhahabu hauna: unakiona kwa macho kikipungua.

Kilima chenyewe

Ni kimoja kati ya vile vilima vya granaiti vilivyotapakaa nchi ya Wagogo kama mizigo iliyotuliwa na wapagazi wakaisahau. Kwa vizazi vingi hakikuwa na bei. Mbuzi walikipanda, watoto walichungia juu yake, basi. Mambo yalibadilika Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma kwa vitendo. Mji wa Serikali ukaanza kujengwa Mtumba, reli ya SGR ikaja, uwanja wa ndege wa Msalato ukaanza, barabara ya mzunguko ya kilomita 112.3 ikaanza kuchongwa kuuzunguka mji, na kila mtumishi aliyehamishwa akatafuta kiwanja. Msingi wa nyumba unataka mawe, nguzo inataka kokoto. Matipa yakaanza kupita kijijini yakiulizia miamba.

Kwa sheria ya Tanzania madini yote, hata mawe ya kujengea, ni mali ya umma. Mwenye shamba hamiliki jiwe lililo ndani ya shamba lake. Mjomba alikata leseni ndogo ya uchimbaji mwaka 2019, ile ya miaka saba, akaajiri vibarua, akanunua kompresa iliyotumika, na tangu siku hiyo akaandika kila tripu: tarehe, namba ya gari, bei, kilicholipwa. Nimekagua vitabu vya watu wenye shahada wasiofikia uaminifu wa daftari lile.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mjomba alikuwa na daftari, na mali ilikuwa inapotea hata hivyo. Nilifungua ukurasa wa kwanza na nikaona sababu palepale. Unaanza na tripu ya kwanza. Hakuna mstari unaosema siku hiyo kulikuwa na mawe kiasi gani. Hakuna salio la mwanzo. Daftari lilijua kila kilichotoka na halikujua kilitoka kwenye nini.

Kupima jiwe

Kazi ya kwanza ikawa kukipa kilima salio. Kwa bahati, alipoomba leseni mpima alichora ramani ya eneo na kukadiria mwamba unaofaa: mita za ujazo 60,000. Karatasi ilikuwa bado ipo, imekunjwa ndani ya Biblia. Nilimwomba mpima mwingine, rafiki yangu, aje na vifaa vyake, tukazunguka kilima siku nzima. Makadirio yake yalikuwa kwamba mwamba uliobaki ni mita 44,000. Kwa hiyo zilikuwa zimeondoka 16,000.

Hapo mtoto mkubwa, ambaye ndiye msimamizi wa machimbo, alishtuka. Daftari linaonyesha tripu 4,000, na tipa lao linabeba mita tano. Hizo ni mita 20,000. Inakuwaje kilima kimepungua kwa 16,000 tu? Alidhani tumepima vibaya, au magari yamekuwa yakipunjwa na wao ndio walionufaika.

Jibu ni kwamba jiwe likivunjwa huvimba. Mwamba mzima hauna nafasi ndani yake. Ukiuvunja na kuurundika, hewa huingia katikati ya vipande. Mita moja ya granaiti kifuani mwa kilima huwa kama mita moja na nusu ndani ya tipa. Zile 20,000 za daftari zilikuwa mita 13,300 hivi za mwamba wenyewe. Na zile 2,700 zilizobaki? Tulizikuta nyuma ya kilima: kifusi, mawe yaliyooza, mapande yaliyochomwa kwa kuni na matairi chakavu yakapasuka vibaya hadi hakuna mteja aliyeyataka. Hayakuuzwa lakini hayatarudi kuwa mwamba.

Nalisisitiza hili kwa sababu ndipo watu wengi wanapoteleza. Kinachopungua ni kile kilichotoka kwenye mwamba, na mauzo ni sehemu yake tu. Mgodi wa dhahabu unaopoteza sehemu ya dhahabu kwenye marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyokwisha kusagwa, umeipunguza hazina kwa wakia zote zilizokuwemo katika mawe yaliyosagwa, hata kama sokoni imefika sehemu tu.

Tulikubaliana basi kwamba kila tripu moja inayouzwa inakula mita nne za mwamba. Mwanzo wa 2019 kilima kilikuwa na tripu 15,000. Mwisho wa 2024 kimebaki na 11,000. Mjomba aliziandika namba hizo mbili mwenyewe pembeni mwa ukurasa wa kwanza, akaziangalia kwa muda mrefu. Bandu bandu, alisema mkewe, na hakumaliza methali.

Jasho ni lipi, jiwe ni lipi

Mwaka 2024 tripu iliuzwa shilingi 60,000 pale machimboni, na zilitoka tripu 1,000. Kila tripu ilikuwa na gharama zake: vibarua wa kuvunja na kupakia 22,000; kupasua mwamba 9,000; nyundo, mitaimbo na kunoa 3,000; mrabaha wa asilimia 3, ambao ni 1,800, pamoja na ushuru mwingine mdogo, jumla 3,000. Mjomba alitoa hizo na kubaki na 23,000. Akazidisha mara elfu: milioni 23. "Hicho ndicho kipato changu cha mwaka jana," alisema.

Nilimuuliza nani anaamka saa kumi na moja alfajiri kufungua machimbo. Ni yeye na mwanawe mkubwa. Nani anawalipa? Hakuna, kazi ni yao. Tukabishana hapo karibu saa nzima. Mjomba aliona ni kama namwambia ajitoze mshahara kwa kufanya kazi shambani kwake. Lakini kama wawili hao wangekwenda kufanya kazi ileile kwenye machimbo ya jirani wangelipwa, na malipo hayo ni thamani ya jasho lao, hayahusiani na kilima. Tukaweka 8,000 kwa tripu, kwa bei ya vibarua wasimamizi wa eneo lile. Kisha kompresa: imechakaa, na fedha iliyoinunua ingeweza kuzaa mahali pengine. Tukaweka 3,000.

Ikabaki 12,000. Hiyo ndiyo thamani ya jiwe lenyewe, kitu ambacho hakuna binadamu aliyekitengeneza. Kwa mwaka, milioni 12. Wachumi wana majina yao kwa hiki kiasi. Mimi nakiita fungu la jiwe, na mjomba alilipenda jina hilo.

Kuna jambo dogo hapa ambalo kitaifa si dogo. Kwa mjomba mrabaha ni gharama, fedha inayotoka. Kwa nchi, mrabaha ni sehemu ya fungu la jiwe: ni malipo ambayo umma unapokea kwa kuachia mali yake. Kwa hesabu ya taifa jiwe la tripu ile lilikuwa na thamani ya 13,800, na umma ulipata 1,800. Sisemi mjomba anyang'anywe; nasema ukitaka kujua nchi imepokea nini kwa kilichotoka, linganisha mrabaha na kodi na fungu la jiwe. Kuulinganisha na mauzo peke yake hakukuambii kitu.

Miaka iliyobaki

Sasa swali gumu. Je, milioni 12 zote ni kilima kilichouzwa? Kijana mdogo alisema ndiyo, zote, na kila senti iliyoliwa ni kula mtaji. Kuna wachumi wanaokubaliana naye: njia rahisi ya kuthamini upungufu ni kuzidisha kilichochimbwa kwa fungu la jiwe, basi. Mjomba alikataa. Kama hata senti moja si kipato, alisema, basi mwenye kilima ni maskini kuliko asiye nacho, jambo lisiloingia akilini.

Nilikuwa upande wa mjomba. Hoja yake ilitolewa kitaalamu miaka ya 1980 na Salah El Serafy, mchumi wa Kimisri aliyefanya kazi Benki ya Dunia. Nitaieleza kama nilivyoieleza pale mkekani. Mwanzo wa 2024 kilima kilikuwa na tripu 12,000, na kasi ni 1,000 kwa mwaka, yaani miaka kumi na miwili. Ukitoa tripu moja leo, pengo lake hulioni leo, maana kesho utatoa nyingine. Pengo utalikuta mwishoni, mwaka wa kumi na mbili, siku utakapokwenda na nyundo ukakuta mchanga. Swali ni moja tu: leo uweke kiasi gani pembeni ili siku ile uwe na 12,000 zako mkononi?

Inategemea fedha ile inazaa nini ukiiweka. Hapa mjomba alinizidi. Alisema, "Nikinunua mitamba, wanazaa." Kweli, mwaka mzuri mifugo inashinda benki. Lakini sote tunakumbuka miaka ya ukame Ugogo, ng'ombe wakianguka njiani kuelekea kwenye maji. Nikachukua asilimia 4 kwa mwaka juu ya mfumuko wa bei, kiwango ambacho Benki ya Dunia imekitumia kwa miaka mingi katika hesabu zake za utajiri wa mataifa. Kwa asilimia 4, shilingi 7,500 za leo zinakuwa 12,000 baada ya miaka kumi na miwili. Kwa hiyo katika kila 12,000, shilingi 7,500 ni kilima na 4,500 ni kipato halali cha kula. Kwa mwaka mzima: milioni 7.5 ni upungufu wa mali, milioni 4.5 ni kipato.

Nilimwonyesha pia namba zingine, kwa sababu sikutaka aone yangu kama msahafu. Kwa asilimia 10 upungufu ungekuwa milioni 3.8 tu. Kwa njia ya kijana wake, milioni 12. Kwa njia ambayo Benki ya Dunia huitumia katika takwimu zake za akiba iliyorekebishwa (akiba ya nchi ikishatolewa maliasili iliyopungua), yaani thamani ya hazina yote igawanywe kwa miaka iliyobaki, ingekuwa kama milioni 9.4. Tofauti ni kubwa, na wapo wanaosema basi hesabu hii haina maana. Sikubaliani nao hata kidogo. Ukiacha kuchagua namba umechagua sifuri, na sifuri ndiyo iliyokuwa katika daftari la mjomba kwa miaka sita. Kati ya majibu yote yaliyokuwepo, sifuri peke yake ndiyo tuliyokuwa na hakika kwamba si sahihi.

Sasa angalia kinachotokea mwisho unapokaribia. Mwaka 2019 walitoa tripu 500 tu, na kwa kasi hiyo kilima kingedumu miaka thelathini. Fungu la jiwe, kwa shilingi za 2024, lilikuwa 8,000. Sehemu ya kilima ndani ya tripu moja ilikuwa karibu 2,500. Miaka mitano baadaye imekuwa 7,500. Tripu ileile, tipa lilelile, jiwe lilelile, lakini la pili limebeba mtaji mara tatu ya la kwanza, kwa sababu bei imepanda na kasi imepanda na ukuta wa mwisho umesogea. Mtu haoni hilo akiwa machimboni. Anachoona ni noti zimeongezeka.

Jibu la swali la kijana

Tulipiga mwaka baada ya mwaka. Kwa miaka sita fungu la jiwe lilifika milioni 40 na kidogo, na sehemu ambayo ilikuwa kilima chenyewe milioni 19.5. Hicho ndicho kiasi ambacho kilipaswa kugeuka kuwa kitu kingine kinachobaki.

Je, kiligeuka? Mjomba alijenga vyumba vitatu vya kupangisha kando ya barabara, milioni 9. Alilipa ada ya binti yake wa kati katika uuguzi, milioni 5. Mdogo aliuliza kama ada ni mali. Nikasema ni mali, na si kwa kumpendelea dada yake: katika ile akiba iliyorekebishwa, matumizi ya elimu huongezwa kama uwekezaji. Jiwe limekuwa muuguzi. John Hartwick, mchumi wa Kanada, alionyesha mwaka 1977 kwamba jamii inayowekeza fungu lake lote la rasilimali katika mtaji mwingine inaweza, kwa masharti fulani, kuendelea kula kiasi kilekile hata baada ya rasilimali kuisha. Binti aliyekaa pale na sare zake kwenye begi, maana alikuwa anarudi zamu jioni, alikuwa mfano hai wa hoja hiyo.

Milioni 14, basi, hadi mwisho wa 2023, dhidi ya upungufu wa milioni 12. Mjomba alikuwa mbele kwa milioni mbili! Wanawe walinyamaza. Mzee ambaye kwa miezi walimwona mfujaji alikuwa ametunza kuliko alichotakiwa, bila kujua kanuni yoyote.

Halafu ukaja mwaka 2024. Ulikuwa mwaka wa fedha nyingi kuliko yote. Tripu elfu, bei ya juu, harusi ya mtoto mkubwa iliyosifiwa hadi vijiji vya jirani. Kilichobaki kama mali ni tangi la maji, milioni moja na nusu. Upungufu ulikuwa milioni 7.5. Mwaka huo mmoja ulikula milioni mbili za ziada na nyingine nne juu yake. Mwaka uliosifiwa ndio mwaka pekee kati ya sita uliowarudisha nyuma, na katika daftari, kwa jinsi lilivyoandikwa, ndio uliokuwa na mafanikio makubwa kuliko yote.

Mjomba aliuliza kitu ambacho nilikitegemea. Alikuwa amesikia jirani amepewa bei ya eneo lake, kubwa sana. "Kilima changu kimepungua lakini thamani imepanda. Sasa hasara iko wapi?" Ni kweli. Kwa hesabu zetu mawe yote ya 2019, tripu 15,000, yalikuwa na thamani ya milioni 69 hivi. Ya mwanzo wa 2024, tripu 12,000, milioni 112. Sehemu ya tano ya mwamba imeondoka na kilima kimekuwa tajiri zaidi. Lakini kupanda huko kumeletwa na bei na kasi ya ujenzi, na bei inayopanda inashuka. Siku barabara ya mzunguko itakapokamilika na maofisi kujengwa, tuseme fungu la jiwe lishuke hadi 6,000 na tripu zirudi 500 kwa mwaka: mawe yaleyale 11,000 yangekuwa na thamani ya milioni 43. Hakuna aliyeyagusa. Ndiyo maana katika hesabu hizi kuna mstari wa kilichochimbwa na mstari wa mabadiliko ya bei, na ni kosa kubwa kuacha wa pili uufunike wa kwanza.

Daftari la nchi

Nilirudi mjini jioni ile nikipita Mtumba, na sikuweza kuacha kufikiria kwamba mawe niliyoyapima yamo ndani ya kuta zile. Pato la Taifa linahesabu tripu ya mjomba kama alivyoihesabu yeye: thamani yote iliyoongezwa, jasho na kompresa na jiwe pamoja, bila kutoa chochote kwa kilima kupungua. Hivyo ndivyo kipimo hicho kilivyotungwa, duniani kote. Mwaka 2024 mchango wa sekta ya madini katika Pato la Taifa la Tanzania ulipita asilimia 10. Ni habari njema kwa ajira na kwa fedha za kigeni, na nimeifurahia. Lakini namba hiyo peke yake haisemi kama ni mwaka wa vyumba vya kupangisha au mwaka wa harusi.

Zana za kuisema zipo. Umoja wa Mataifa una mfumo wa hesabu za mazingira na uchumi uliopitishwa mwaka 2012, na jedwali lake la madini ni lile tulilochora mkekani: salio la mwanzo, kilichochimbwa, kilichogunduliwa, kilichokadiriwa upya, mabadiliko ya bei, salio la mwisho. Machi 2025 Kamisheni ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa iliidhinisha toleo jipya la mfumo wa hesabu za taifa, na humo kupungua kwa maliasili kunakuwa gharama ya uzalishaji, kitu cha kutolewa kabla ya kupata pato baki, kama uchakavu wa mashine unavyotolewa. Naiona kama hatua kubwa kuliko inavyozungumzwa.

Mstari wa ugunduzi ndio tofauti kubwa kati ya kilima na mgodi. Kilima cha mjomba hakitaota mizizi mipya ya granaiti. Dhahabu ni nyingine: mgodi wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000 na bado unachimba, kwa sababu utafiti umeendelea kuongeza akiba iliyothibitishwa. Kwa upande wa pili, Golden Pride pale Nzega, mgodi mkubwa wa kwanza wa zama hizi, ulifungwa mwaka 2014, na Buzwagi, Kahama, ulioanza 2009, uliacha uzalishaji mwaka 2021. Hakuna hata mmoja kati ya migodi hiyo miwili uliofikisha umri wa kizazi kimoja. Hapo ndipo naikataa ile njia ya Benki ya Dunia ya kugawanya thamani kwa miaka iliyobaki, pale miaka hiyo inapowekewa kikomo cha 25 kwa kila nchi. Kikomo kinarahisisha kulinganisha nchi, lakini mgodi uliobakiwa na miaka minne ukichanganywa na ulio na arobaini, kengele ya ule wa kwanza haisikiki.

Na bei? Mwishoni mwa 2015 wakia moja ya dhahabu ilikuwa chini ya dola 1,100. Oktoba 2025 ilipita 4,000. Hazina iliyo ardhini imepanda thamani bila koleo kuigusa. Nchi inaweza kupunguza wakia na kuandika kwamba imetajirika, kama mjomba na bei ya jirani yake.

Kuna hasara ambazo hakuna daftari litakalozirudisha. Sekenke, huko Iramba mkoani Singida, ilichimbwa tangu enzi za Wajerumani. Dhahabu yake ndiyo waliyoifulia sarafu za rupia 15 pale Tabora mwaka 1916, zenye picha ya tembo, vita vilipowakatia njia za kuleta fedha. Leo sarafu hizo zinauzwa minadani Ulaya. Wachimbaji wadogo wa Iramba bado wanashuka kwenye maduara, yaani mashimo yao ya kuchimbia, na kupeleka mawe karashani yakasagwe, na hakuna mtu aliyewahi kuwaandikia babu zao salio la mwanzo.

Sheria za mwaka 2017 zilipandisha mrabaha wa dhahabu kutoka asilimia 4 hadi 6 na kuipa Serikali hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi mikubwa. Hizo zilijibu swali la nani anapata nini. Swali la kijana wa mjomba ni jingine, linakuja baada ya hilo: tulichopata kimegeuka kuwa nini? Ningependa sana siku moja, hapa Dodoma, hotuba ya bajeti ya madini isomwe bungeni ikiwa na lile jedwali la mistari sita, kwa wakia na kwa shilingi, hata kama namba zake zitabishaniwa usiku kucha.

Kwa mjomba mambo yamekwenda hivi. Walikubaliana kwamba kwa kila tripu shilingi 7,500 ziende kwenye akaunti ambayo kutoa lazima watie saini wawili, na kila Januari kiwango kipigwe upya kwa sababu miaka itakuwa imepungua. Mtoto mkubwa hakupenda. Alisema yeye ndiye anayemeza vumbi. Wakaongeza posho yake ya usimamizi, jambo ambalo lilikuwa haki tangu mwanzo. Ile hasara ya milioni nne mjomba alisema ni yake, atailipa kwa kuuza ng'ombe wawili kila mwaka hadi iishe, na mkewe alimwambia wazi kwamba ng'ombe wale si wake peke yake. Hilo halijaisha hadi leo. Wala la kifusi nyuma ya kilima, ambacho mvua za Februari zilikisukuma hadi shambani kwa jirani, kwenye mtama. Kuchafuka kwa ardhi ni hesabu nyingine kabisa, na bado hatujaianza.

Mwezi wa tatu nilipokwenda tena nilisikia "Mbukwenyi!", salamu ya Kigogo, kabla sijafika uani. Mjomba alikuwa na daftari jipya. Ukurasa wa kwanza, juu kabisa, kabla ya tarehe, kabla ya namba ya gari lolote, ameandika kwa herufi kubwa: KILIMA, TRIPU 11,000. Chini yake Januari, 71. Februari, 64. Pembeni, kwa penseli: 10,865.